Ndimu Si Chungu

Nikinusa maziwa yaliyogandia kwenye kibuyu, narudi Mbeere papo hapo, hata kama nimesimama katikati ya soko la Embu na mfuko wa nyanya mkononi. Sisemi maziwa yaliyoharibika; hayo mtu huyamwaga huku amekunja pua. Nasema ile harufu kali na safi, yenye moshi ndani yake, ya maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa kijiti kilichochomwa hadi kikawa mkaa. Mwenye kibuyu hicho alikuwa nyanya yangu mzaa baba, tuliyemwita Cucu kama wanavyoitwa nyanya wote wa kwetu. Alikipakata mapajani, akakitikisa polepole huku akiimba kitu kisichokuwa na maneno, nami nikakaa mbele yake nikimsumbua kwa maswali. Jana nimeona kwa macho yangu maziwa yakimiminwa, mepesi kama maji. Leo yanatoka mabonge meupe. Nani aliingia humo ndani? "Yamelala," Cucu alinijibu. "Hata wewe ukilala unaamka na sura nyingine." Jibu hilo halikunitosha. Nilichungulia mdomo wa kibuyu kwa jicho moja, nikaona giza, nikanusa, nikapiga chafya, na Cucu akanifukuza.

Jina langu ni Igandu, na ni jina lake. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, kwa hiyo mimi na Cucu tulikuwa watu wawili wenye jina moja, na yeye alilitilia jambo hilo uzito kuliko mimi. Aliniita wajina. Akinikuta nimelala mpaka jua limepanda alisema, "Wajina, unaniaibisha," utadhani yeye ndiye aliyechelewa kuamka. Chake kilikuwa changu, isipokuwa kibuyu. Hata mbuzi wake wa maziwa, Kairu, aliyeitwa hivyo kwa weusi wake, alisema ni mbuzi wetu sote wawili: yeye ana haki ya maziwa, mimi nina haki ya kumkatia majani.

Nyumbani tulizungumza Kiswahili, na hilo linahitaji maelezo, kwa maana mtu wa pwani angekisikia Kiswahili chetu angeomba mkalimani. Baba ni Mmbeere, fundi wa kuchonga mawe ya kujengea. Mama alitoka Meru juu, kwenye migomba na majani chai, akaolewa huku chini kwenye jua la Kiritiri, na mpaka leo hajalisamehe lile joto. Kimeru na Kimbeere ni ndugu, lakini ni ndugu wa kuchekana: mama alisema neno la kwao, baba akaangua kicheko, baba alisema la kwake, mama akauliza kama huyo ni mtu au ni mbuzi amelia. Kwa ajili ya amani ya nyumba wakakubaliana Kiswahili, ambacho kila mmoja wao alikijua nusu. Kilikuwa Kiswahili cha maneno machache yaliyofanyishwa kazi nyingi. Neno chungu, kwa mfano, halikupata kupumzika. Ndimu ilikuwa chungu. Dawa ya malaria ilikuwa chungu. Maji ya majivu yaliyochemshiwa kunde yalikuwa chungu, na embe changa pia, na chai isiyo na sukari, na maziwa ya kibuyu kwa mgeni asiyeyazoea. Ulimi ukikunjamana, hiyo ni chungu, basi. Cucu peke yake ndiye aliyesema nami Kimbeere, naye alikuwa na neno lake la ndimu na neno lake jingine la majivu, lakini sikuwahi kukaa nikayalinganisha.

Msimu ninaoukumbuka ni ule wa baada ya mavuno, likizo ya Agosti, uwanja umejaa mtama uliotandazwa na kuku wanaofukuzwa kutwa. Mambo mawili yalitokea karibu pamoja. Kaka yangu Nyaga, aliyekuwa kidato cha kwanza, alirudi kutoka shuleni na kemia kichwani. Na Cucu akapelekwa hospitali Embu kupasuliwa tumbo. Tumbo hilo lilikuwa limemsumbua tangu kiangazi. Lilikataa ugali, likakataa githeri ya mahindi na maharagwe, likakataa hata ndizi za kuponda ambazo mama alimpikia kwa ustadi wote wa Meru. Kitu kimoja tu halikukikataa, maziwa ya Kairu. Asubuhi ya kuondoka, kabla hajaingia kwenye gari la jirani, alinishika kidevu akaniambia kwa Kimbeere: "Wajina, nikirudi sitakuwa na tumbo la kuchezea. Nitakunywa maziwa ya Kairu au sitakula kitu. Mwangalie." Kairu alikuwa bado anakamuliwa, na juu ya hayo alikuwa na mimba changa. Nilijua kabisa nimekabidhiwa nini. Siku zile nilimwaza yule mbuzi kuliko nilivyomwaza Cucu mwenyewe, kwa sababu Cucu alikuwa na madaktari.

Nyaga naye alikuwa na kazi yake ya likizo. Mwalimu aliwaagiza watengeneze maji ya maua yanayobadilika rangi, aliyoyaita indiketa, wayajaribu kwa vitu vya nyumbani. Tulikwenda kwenye uzio wa kanisa tukachuma haibiskasi nyekundu, tukachuma na kuchuma, hadi mzee wa kanisa akatuuliza kama kuna harusi. Nyaga aliyaponda maua kwa mchi, akayamwagia maji ya moto, akachuja kwa kitambaa, akapata maji ya zambarau ambayo aliyagawa kwenye glasi na vikombe na kuvipanga juu ya jiwe. Alipokamulia ndimu kwenye glasi ya kwanza, zambarau ilitoweka na mahali pake pakaja wekundu wa kung'aa. Alipotia magadi, yale mawe meupe ambayo mama huchemshia mahindi makavu ili yalainike upesi, maji yakageuka kijani. Kijani, kutoka kwa ua jekundu! Nilipiga kelele hadi mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Tulijaribu kila kilichokuwa karibu. Maziwa ya kibuyu yakaleta wekundu, na uji wa jana vilevile. Sabuni ya kufulia ikaleta kijani, na maji ya majivu vilevile. Nilitema mate yangu mwenyewe kwenye kikombe na hakuna kilichotokea, na hilo liliniudhi sana.

"Ni nini inaifanya iwe hivyo?" nilimuuliza.

"Sir alisema acids are sour, bases are bitter."

"Maanake?"

"Maanake asidi ni chungu."

"Na hiyo ingine ya kijani?"

Nyaga alikuna kichwa. "Hata hiyo ni chungu. Lakini ni chungu ya aina yake. Na zikikutana, moja inamaliza ingine."

Nilionja ndimu, kisha nikaonja maji ya magadi kwa ncha ya ulimi, na nikaona wazi kwamba hazifanani hata kidogo. Ndimu ilinichoma pembeni mwa ulimi na kuniletea mate. Magadi yalikwenda kukaa nyuma kooni, yakiteleza kama sabuni, na hayakutaka kuondoka. Nilimwambia hivyo. Akaniambia ninyamaze, iko kwa kitabu.

Alinipa pia habari ya seli, na hiyo ndiyo ilinitoa usingizi. Alisema mwili wangu wote umetengenezwa kwa seli, na wa mbuzi, na hata ndimu yenyewe. Mimi seli niliyoijua ilikuwa ya kituo cha polisi, ambako baba mdogo aliwahi kulala kwa sababu ya magunia ya mkaa yasiyo na kibali, akarudi ananuka na hataki kusimulia. Sasa naambiwa nimejaa seli mpaka kwenye vidole vya miguu. Nilitaka kujua ndani yake amefungwa nani. Nyaga alicheka hadi akakaa chini, halafu, kwa kuwa hakuna alichokipenda kama kueleza, akasema kila seli ina utando wake mwembamba unaoizunguka, na kwenye utando huo kuna milango inayochagua nani aingie na nani atoke, na ndani kuna kiini kinachotoa amri. "Kama OCS, mkubwa wa kituo," nilisema. "Kama OCS," akakubali. Akaongeza kwamba wako viumbe ambao ni seli moja tu, kiumbe kizima kimekamilika hapo, na hao ndio wanaoishi kwenye kibuyu cha Cucu: wanakula sukari ya maziwa na wanachotoa ni asidi. Kwa hiyo kulikuwa na mtu ndani ya kibuyu! Swali langu la miaka yote lilikuwa swali la haki, na Cucu alikuwa amenifukuza bure.

Kisha Kairu akavunja ghala. Tulikuwa shambani tukiondoa mabua, na ghala letu wakati huo lilikuwa la fito, na hakuna mwizi mwenye bidii kumshinda mbuzi mwenye mimba. Tuliporudi tulimkuta amesimama ndani ya mahindi yaliyopukuchuliwa, tumbo limevimba upande wa kushoto, na bado anatafuna. Baba alimtoa kwa kumvuta pembe. Mchana ule alikunywa maji mengi kuliko kawaida, halafu akaacha kucheua. Asiyefuga hawezi kujua jinsi hilo linavyotisha, kwa sababu mbuzi mzima hucheua hata akiwa amefumba macho. Siku iliyofuata alikuwa amelala ubavu, anaharisha, macho yamezama, anasaga meno kwa sauti iliyonifanya nami nisage yangu, na mdomoni anatokwa na povu. Nilimwinua kichwa nimfute, nikavuta pumzi yake, nikashtuka. Niliijua ile harufu. Ilikuwa harufu ya kibuyu cha Cucu, bila ule moshi.

Baba alimpigia simu daktari wa mifugo, simu ikakataa kuingia. Jirani akasema daktari yuko upande wa Ishiara anachanja ng'ombe, na mahali alipo mtandao ni wa kubahatisha. Baba akakaa juu ya jiwe alilokuwa akilichonga, akakuna ndevu, akapiga simu nyingine, kwa Mzee Rajabu, mwenye bucha Kiritiri. Nikaelewa mara moja. Mzee Rajabu ni Mwislamu, na mnyama akijifia hamgusi. Ni lazima amkute hai. Baba alikuwa akichagua kati ya nyama na mzoga, na kwa mtu mwenye akili hapo hapana la kuchagua.

"Baba, hiyo mbuzi ni ya Cucu," nilimwambia.

"Najua ni ya nani."

"Sasa akirudi atakunywa nini?"

Baba aliinuka akaenda kunoa patasi ambayo haikuhitaji kunolewa. Nilimkasirikia vibaya sana, kwa sababu nilimwona akilini Cucu akishuka kwenye gari na tumbo lake lililoshonwa, akitazama zizini.

Nyaga alikuwa amechuchumaa kando ya Kairu, mkono juu ya lile tumbo. Alipolisukuma kulisikika maji yakicheza ndani. "Mama," alisema, "huyu tumbo yake imekuwa kibuyu. Zile seli ndogo zimekula mahindi yote zikatoa asidi."

Mama ndiye angempikia mgonjwa asiyekula, kwa hiyo hakuwa na muda wa masomo. "Na hiyo asidi inamalizwa na nini?"

Nyaga alitazama juu, akasoma kitabu kilichokuwa kichwani mwake, akakitafsiri. "Na kitu chungu."

"Basi ni ndimu," mama akasema. "Igandu, kimbia!"

Nilikimbia. Kitu chungu ni ndimu, nani hajui? Nilirudi na ndimu zimejaa kwenye sketi, mama akazikata na kuzikamulia kwenye chupa ya soda, Nyaga akamshika Kairu pembe, na mama akammiminia kando ya mdomo. Alimeza kidogo, nyingine ikamwagika shingoni. Akasaga meno kwa nguvu zaidi, akanyoosha mguu wa nyuma, ukakaza, ukatetemeka. "Ongeza," Nyaga alisema, lakini sauti yake haikuwa tena sauti ya mtu wa kitabu.

Hapo ndipo pikipiki ya Mzee Rajabu ilipoingia uwanjani. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kofia nyeupe, na kisu chake alikizungushia kitambaa safi. Babu zake walitoka sehemu mbalimbali, wakakutana mjini kwa biashara, na kwao Kiswahili kilikuwa lugha ya mama, kwa hiyo alikuwa na maneno mengi kuliko sisi na aliyatumia bila haraka. Alitusalimu mmoja mmoja, akamtazama Kairu, akatikisa kichwa kwa huruma, akaomba maji ya kunawa. Baba alikwenda kuyaleta. Nilijua maji yakishafika, kinachofuata ni kisu.

Sijui ni nini kilichonipeleka kwenye lile jiwe la vikombe. Nadhani nilitaka tu kuwa na kitu cha kufanya kwa mikono. Kulikuwa na kikombe kimoja cha maji ya maua ambacho hatukuwa tumekitumia. Nilikwangua povu la Kairu kwa jani, nikalitumbukiza. Maji yakawa mekundu. Nilichukua ganda la ndimu aliloliacha mama, nikalikamulia kwenye masalio ya maji ya zambarau kwenye sufuria. Mekundu, wekundu uleule.

"Nyaga, kuja uone. Zote ni rangi moja."

"Si nilikuambia ni asidi?" alisema bila kugeuka.

"Na ndimu?"

"Ndimu pia ni asidi."

"Sasa ndimu itamaliza ndimu aje?"

Mama alibaki na chupa hewani. Nyaga aligeuka, akatazama kikombe, akatazama sufuria, na midomo yake ikaanza kujisomea. "Sour ni chungu," alisema polepole. "Bitter ni chungu. Asidi ni sour. Kinachomaliza ni bitter. Bitter ni chungu. Ndimu ni chungu." Alizunguka hapo kama punda wa kinu, na hakupata mlango.

"Nani kasema ndimu chungu?" Mzee Rajabu aliuliza nyuma yetu. Alikuwa amekunja mikono ya kanzu akisubiri maji, na nina hakika hakuwa akimfikiria mbuzi hata kidogo. Neno lilikuwa limemkwaruza sikio tu, na akalirekebisha kama ambavyo angewarekebisha watoto wake. "Ndimu si chungu, mwanangu. Ndimu ni kali. Chungu ni shubiri. Chungu ni mwarobaini. Ukinipa ndimu ukaniambia ni chungu, nitakuuliza kama ulimi wako ni mzima."

Kali. Chungu. Vilikuwa viwili! Na hapohapo maneno mawili ya Cucu yalinijia mdomoni, lile la ndimu na lile la majivu, ambayo nilikuwa nimeyasikia kila siku ya maisha yangu bila kuyauliza kitu. "Ni ile ya majivu!" nilipiga kelele. "Nyaga, ni ile ya kijani!" Nyaga akapiga kelele zaidi yangu, "Magadi! Mama, magadi!" na mama, ambaye kwa sababu ya joto hakuwahi kuonekana akikimbia tangu aolewe, akakimbia.

Hakuna aliyejua kipimo. Mama alikadiria ya sufuria moja ya mahindi, akapunguza kidogo kwa kuogopa, akayakoroga kwenye maji ya vuguvugu mpaka yakaacha kuonekana. Baba alikuwa amesimama na beseni la kunawa, hajui aliweke wapi. Mzee Rajabu akakiweka kisu chake juu ya kiti cha pikipiki, akaja akamshika Kairu kichwa yeye mwenyewe, akisema, "Taratibu, asije akapaliwa." Mama alimimina, akangoja ameze, akamimina tena. Mimi na Nyaga tulilisugua tumbo kwa viganja, yeye upande mmoja na mimi mwingine. Tulisugua mpaka mabega yakauma. Kairu alikuwa kimya, na nikaanza kulia bila kuacha kusugua. Halafu tumbo likanguruma chini ya kiganja changu, kwa mbali, likanguruma tena karibu zaidi, na Kairu akanyoosha shingo akabeua beuo moja refu, lenye harufu mbaya kuliko zote nilizowahi kunusa, usoni kabisa mwa Mzee Rajabu.

"Astaghafirullah!" alisema, kofia imemwendea upande, na mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Kairu alibeua mara nyingi jioni ile. Mzee Rajabu alinawa yale maji aliyoyaomba, lakini alinawa uso. Akamwambia baba, "Leo simchinji. Nitapita asubuhi. Nikimkuta amelala, nitafanya kazi yangu; nikimkuta amesimama, utaniandalia chai." Baba alisema sawa, na sauti yake ilikuwa nzito, ndipo nikatambua kwamba na yeye alikuwa ni mtoto wa Cucu.

Kulipokucha nilikwenda zizini lakini sikuingia. Nilisimama nje nimefumba macho, kwa kuwa sikutaka kuona kabla sijasikia. Nilisikia kuku. Nilisikia mama akivunja kuni. Kisha nikasikia taya zikisaga polepole, zikatulia, kitu kikapanda kooni, na taya zikaanza tena. Kairu alikuwa anacheua. Nilikaa palepale chini kwenye vumbi, na Mzee Rajabu alipofika kunywa chai yake alinikuta bado nimekaa.

Cucu alirudi amekonda, nguo zinamning'inia, na alipitia zizini kabla ya kuingia nyumbani. Maziwa ya Kairu yalikuwa yamepungua, kisha yakarudi kiasi, naye aliyanywa akiwa ameegemea ukuta, kikombe kwa mikono miwili. Tulipomsimulia habari ya ndimu alicheka huku ameshika mshono, akituomba tuache, na tukiacha akituomba tuendelee. Alituuliza kwa nini hatukusema kwa Kimbeere kutoka mwanzo. Haikuwa imepita kichwani mwa yeyote kati yetu kwamba kemia inaweza kusemwa kwa Kimbeere. Kairu alipozaa, mtoto alikuwa jike jeusi, na Cucu alimwita Ndimu. Cucu aliishi miaka mingine ya kutosha, akanifukuza kwenye kibuyu mara nyingi zaidi.

Sasa nafundisha bayolojia katika shule moja huko Embu, na lile beuo la Kairu nimelieleza ubaoni sijui mara ngapi. Asidi ni kitu kinachogawa haidrojeni, na magadi ni kitu kinachoipokea. Vikikutana, vinatoa maji na gesi, na gesi hiyo ndiyo iliyompindisha Mzee Rajabu kofia. Hata kule kulala kwa maziwa nimekuelewa. Protini za maziwa hukaa zimetengana kwa sababu zote zina chaji ya namna moja na zinasukumana. Asidi ikizidi, haidrojeni inazifunika zile chaji, protini zinaacha kusukumana, zinashikana, na hayo ndiyo mabonge. Kinachonishangaza mpaka leo ni asidi amino, zile zinazounda protini zenyewe. Kila moja ina upande unaotoa haidrojeni na upande unaopokea. Yaani molekuli moja ni ndimu na ni majivu, na inaamua iwe nini kulingana na maji iliyomo. Nikifika hapo huwa nasahau muda, na kengele hunikuta bado naongea.

Mambo yamebadilika kwetu. Ghala ni la mabati, na daktari wa mifugo unamtumia picha ya mbuzi kwa simu naye anakujibu akiwa palepale alipo. Nyaga aliishia kuchonga mawe kama baba, anasema kemia yake yote iliisha kwa mbuzi mmoja. Kibuyu ni changu; nakisugua kwa mkaa, natia maziwa ya pakiti, na majirani wa ghorofani wananiuliza nini kinanuka. Maziwa yanaganda vizuri. Lakini siku hizi nikitaka kujua jambo nabonyeza simu, jibu linakuja kabla swali halijaniwasha, na kuna nyakati naukumbuka ule muwasho kuliko ninavyolifurahia jibu. Cucu amezikwa mpakani mwa shamba, karibu na mndimu.

Agosti iliyopita nilikwenda nyumbani. Kila mbuzi jike wa ukoo ule, mpaka leo, anaitwa Ndimu, na aliyepo sasa ni mweusi kama Kairu na mwizi vilevile. Binti wa Nyaga, Makena, mwenye jina la mama yangu, alisimama karibu nami akimkuna masikio.

"Tata," aliniuliza, kwani ndivyo shangazi anavyoitwa kwetu, "kwa nini hii mbuzi inaitwa Ndimu? Kwani ni chungu?"

Mama alikuwa mlangoni pa jiko, akafungua kinywa. Nilimwashiria kwa mkono, akakifunga, akaanza kutabasamu. Nilitazama upande wa kanisa. Uzio ulikuwa umechanua.

"Nenda uniletee yale maua mekundu," nilimwambia Makena. "Lete mengi. Na mzee wa kanisa akikuuliza, mwambie ndiyo, kuna harusi."